Mlolongo Nyuma ya Mchungaji

Somo: Waamuzi 9:7–15, 2 Samweli 15:1–6



Juma hili naandika habari yangu mwenyewe, na mchungaji kiongozi ameniruhusu. Mzee ambaye humu namwita mwenyekiti naye nilimsomea ukurasa huu wote nyumbani kwake kabla haujaenda kuchapwa. Alinirekebisha mahali pawili, akacheka mahali pamoja, akasema, "Weka." Kwa hivyo nimeweka.

Swali lenyewe ni hili: je, mtumishi wa Mungu aombe kura? Sizungumzii ubunge, wala kiti cha wadi. Nazungumzia viti hivi vidogo ambavyo tumezungukwa navyo hapa Tezo: bodi ya shule, kamati ya zahanati, kamati ya maji, kule baharini kamati za wavuvi. Viti visivyo na mshahara, lakini vikikaliwa vibaya nyumba nzima inalala na kiu.

Ilianza Jumatano moja baada ya ibada ya jioni. Mama watatu walibaki kwenye benchi, taa karibu zinazimwa. Mkubwa wao akasema, "Pasta, tunataka usimame." Nikadhani wanataka niwaombee, nikasimama kweli. Wakacheka. "Si hivyo. Usimame kwenye kamati ya maji."

Wenye kukaa kwetu mnaijua hadithi ya mradi wetu. Bomba kubwa linapita kando ya barabara ya Malindi, maji yakitoka Baricho kule Sabaki, yakielekea Kilifi na Mombasa. Watu wetu walichanga wakapata tawi lao, tangi na vibanda viwili. Mtungi wa lita ishirini shilingi tano. Halafu bili ikalimbikizwa, maji yakakatwa, yakarudishwa, yakakatwa tena. Yakikatwa, bodaboda anakuletea mtungi kwa shilingi thelathini, na asiye na thelathini anarudi kwenye kisima cha maji ya chumvi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki ipo. Kilichokosekana kwetu ni daftari. Miaka mitatu hesabu haijasomwa mbele ya wanachama.

Nikawajibu, "Nitaomba."

Wacha niseme ukweli kuhusu neno hilo. Sisi wachungaji tunalitumia vile mdaiwa anavyotumia neno "kesho". Mama yule mkubwa alinitazama, akasema taratibu, "Sawa, baba. Nasi tunaomba tangu mwaka juzi."

Nilikuwa na sababu tatu za kukataa, na zote zilisikika za kiroho. Ya kwanza, kazi yangu ni Neno. Ya pili, mwenyekiti wa mradi ni mshirika wetu, mzee mwenye heshima, na baadhi ya mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu kila Jumapili yalitoka mfukoni mwake. Ya tatu ilikuwa ile methali ambayo Mswahili humrushia kila anayejitangaza: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona mtu anatembea akisema "nichagueni", basi ujue ni kibaya.

Lakini mimi nilisoma biashara chuoni, na methali hii imenisumbua tangu siku hizo. Mama anayekaanga mahamri alfajiri pale kwetu hangoji yajiuze. Anayaweka kwenye beseni, anajitwika, anapita nyumba kwa nyumba kabla mbaazi hazijapoa. Mahamri yake ni mema na anayatembeza. Asipoyatembeza watoto watakwenda shule na njaa, na yeye atabaki na beseni la mahamri mema yaliyopoa.

Basi nikarudi kwenye ile hadithi ya Yothamu. Mnaikumbuka. Abimeleki amewaua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja, amebaki Yothamu, mdogo wao, aliyejificha. Anapanda mlima Gerizimu anawapigia watu kelele hadithi ya miti iliyotaka mfalme. Wakamwendea mzeituni, akakataa, ana mafuta yake ya kutengeneza. Wakamwendea mtini, naye ana utamu wake. Mzabibu naye ana divai yake. Mwishowe wakauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, tena ukawaalika wajifiche chini ya kivuli chake. Kivuli gani cha mwiba?

Tukihubiri hapo huwa tunaulaumu mwiba. Mimi nilipokuwa nasoma tena usiku ule, macho yangu yalikwama kwa mzeituni. Jibu lake ni zuri sana, ni jibu la mtu aliyeshika wito wake. Nina mafuta, siwezi kuyaacha. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani yake: nina Neno, siwezi kuliacha. Na hadithi haisemi kwamba mzeituni ulifanya dhambi. Inaonyesha tu nani alipata kiti baada ya miti yote mizuri kusema "nitaomba".

Kuna njia nyingine ambayo wachungaji tunaipenda, nayo ni kuteuliwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule nafasi tatu katika bodi, na mfadhili mara nyingi ni kanisa. Unaandikiwa barua, unavaa koti, unakwenda. Hukuomba mtu. Ni kazi nzuri, na ndugu zetu wengi wanaifanya kwa uaminifu. Lakini tukichunguzana ndani, raha yake moja ni kwamba huwezi kushindwa. Hakuna mtu atakayesimama hadharani akasema, "Huyu hapana." Unaweza kukaa unyenyekevu wote, ukaitwa mnyenyekevu, na kumbe ulichokimbia ni aibu ya kukataliwa.

Nikaamua kusimama. Na hapo ndipo nilipokosea.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu madhabahuni. Nilihubiri Luka 16, habari ya wakili aliyeitwa atoe hesabu ya uwakili wake. Somo lilikuwa kwenye ratiba ya kanisa tangu mwezi uliotangulia, mungu shahidi, kalenda mnaiona ukutani. Lakini nilivyolihubiri hakukuwa kwenye kalenda. Nilisema juu ya madaftari. Nilisema juu ya watu wanaosimamia mali ya wengi kama mali ya babu yao. Mwenyekiti alikuwa benchi la pili, na mimi nilijua yuko benchi la pili, na kila nilipofika kwenye neno "hesabu" macho yangu yalikwenda huko. Kanisa likachangamka. Ameni zilikuwa za moto ajabu. Nikashuka nikiwa natokwa na jasho, nikifikiri ni upako.

Nje, chini ya mwembe, bibi mmoja ambaye ni kama mama mkwe wa kanisa zima alinishika mkono akanivuta pembeni. Akaniuliza, "Mwanangu, leo umehubiri, au umeomba kura?"

Sikuwa na jibu. Nilisema, "Bibi, ubarikiwe," nikakimbilia pikipiki.

Ndugu zangu, someni habari za Absalomu polepole. Kila mara nilikuwa namwona kama muasi mwenye nywele ndefu na upanga, ilhali uasi wake haukuanzia kwa upanga. Ulianzia langoni, asubuhi na mapema. Alisimama njiani, na kila mwenye kesi alipopita alimwita, akamuuliza ametoka mji gani, akamwambia madai yake ni mema, shida ni kwamba hakuna wa kumsikiliza. Laiti mimi ningekuwa mwamuzi! Na mtu akitaka kumsujudia, yeye anamshika na kumbusu. Hakuna neno la uongo la wazi hapo. Pengine ni kweli kesi zilikuwa zinachelewa. Pengine Daudi alikuwa mzee na amechoka na hesabu hazijasomwa miaka mitatu. Maandiko yanasema hata hivyo kwamba aliiba mioyo ya watu. Yaani unaweza kusema kweli, juu ya tatizo la kweli, na bado ukawa mwizi.

Lango langu lilikuwa madhabahu. Mwenyekiti hakuweza kunijibu. Angenijibu vipi? Angesimama katikati ya mahubiri aseme, "Pasta, si hivyo"? Kwetu Wapentekoste mtu aliye madhabahuni anasema kwa niaba ya Mwingine, na hiyo ndiyo nguvu niliyoichukua nikaitia kwenye kampeni ya kibanda cha maji.

Jumanne nilikwenda kwake. Nilimkuta chini ya mkorosho anasuka kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba," akamtuma mjukuu aangue madafu. Mzee wa Kigiriama hakugombezi kabla hujanywa. Nilipomaliza dafu nikamwambia kilichonileta: nilikutumia vibaya Jumapili, nisamehe. Akasuka kamba yake kitambo, halafu akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Baba, mimi daftari sina kwa sababu sijui kuliandika. Nilisoma mpaka darasa la nne. Pesa ya mradi na pesa yangu zinakaa pamoja. Bili ikizidi nauza mbuzi. Maji yakiuzika narudisha mbuzi wangu. Nani ananidai na mimi namdai nani, Mungu ndiye anajua."

Akaingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti. Risiti, tena nyingi, nyingine zimeliwa na mende. Nilikaa nazo jioni ile na kikokotoo cha simu. Sikupata wizi, na sikupata usafi pia. Nilipata kile ambacho siku ya kwanza chuoni tuliambiwa tukiogope: mfuko mmoja. Pesa ya mtu na pesa ya watu zikilala mfuko mmoja, hata malaika atashindwa kuzitenganisha asubuhi. Na nilikuwa nimemhubiri mtu huyu kama wakili dhalimu, mbele ya mkewe.

Mkewe ndiye aliyeleta jambo la pili. Yeye ni kiongozi katika ushirika wa akina mama. Mzee alisema, "Simama tu, baba, mimi nimechoka, na hata mimi nataka mtu wa kuandika. Lakini siku ya uchaguzi watu watapanga mlolongo. Huyu mama yako atasimama nyuma ya nani?"

Kwa msomaji asiyejua: kamati nyingi za vijijini huchagua hivyo. Wagombea wanasimama mbele, kila mtu anajipanga nyuma ya mtu wake, wanahesabiwa. Ni rahisi, haina gharama, na kila mtu anaona. Nami sikuwahi kuifikiria mpaka pale. Washirika wetu wapatao arobaini ni wanachama wa mradi. Jumamosi wangejipanga, nami ningegeuka nione nani yuko nyuma yangu na nani hayupo. Jumapili wangekuja kuwekewa mikono na mtu yule yule.

Nchi hii imeshapita njia hiyo. Mwaka 1986, KANU, wakati huo chama pekee, ilipotaka kura za mchujo zipigwe kwa mlolongo, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipinga. Mwaka 1988 ukafanyika hata hivyo, na aliyepata asilimia 70 au zaidi mlolongoni alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini wazee wetu bado wanasimulia mstari mfupi uliotangazwa kuwa mrefu. Mpango ule ulikuwa umeshaachwa kufikia uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Watu hukumbuka habari ile kama ya wizi wa kura. Mzee wangu alinionyesha shina jingine lake: mtu aliyeshika kitu chako, iwe mkate wako, kazi yako au baraka zako, hafai kuona umesimama wapi.

Nikaomba kwa kamati kura iwe ya siri. Ndugu mmoja kijana, mwenye moto wa Bwana, alinipinga kwa Maandiko. Alisema Mkristo hajifichi. Tunamkiri Yesu hadharani, tunabatizwa mchana kweupe, kwa nini tuchague gizani? Hoja yake ilikuwa na uzito na nilikaa nayo siku mbili. Nilichoona ni kwamba kumkiri Bwana hadharani kunamgharimu anayekiri, na hiyo ndiyo thamani yake. Kunikataa mimi hadharani nako kungemgharimu mtu, ila gharama hiyo angeilipa kwangu. Yesu hagombei, wala mimi si Yesu.

Kulikuwa pia na suala la chai. Vijana wawili wa stejini walikuja kwangu usiku. "Pasta, watu mia, hamsini hamsini tu. Elfu tano umemaliza mambo." Nataka mjue kwamba sikukasirika. Akili yangu ya biashara ilipiga hesabu kabla roho haijaamka, na hesabu ilikubali: elfu tano, mradi ukiendeshwa vizuri, si kitu. Ni uwekezaji. Abimeleki naye alipewa vipande sabini vya fedha kutoka nyumba ya Baal-berithi, akavitumia kukodi watu ovyo wamfuate, na sidhani usiku ule aliona anafanya uovu. Aliona anaanza. Niliwakatalia vijana, wakaenda. Lakini siku ya mkutano, wale mama watatu walileta birika mbili za chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha, kwa pesa yao, wakagawia kila aliyefika bila kuuliza atachagua nani. Je, ile ilikuwa chai ya kampeni au ukarimu wa akina mama? Mpaka leo sijui. Nilikunywa kikombe kimoja.

Nilibadilisha kiti pia. Mama walitaka niwe mwenyekiti. Baada ya ule mkebe wa biskuti niliona mzee abaki mwenyekiti, maana yeye ndiye anayejua kila bomba lilipozikwa, na mimi nigombee uweka hazina. Ndicho nilichosomea. Nilikuwa nimeshaanza kuchora jedwali kichwani: mapato ya kila kibanda, akiba ya bili, kila kitu kinapita benki au simu ya mradi. Katika maombi yangu nilimtaja Nehemia, aliyekuwa liwali miaka kumi na miwili asile posho ya uliwali ambayo waliomtangulia waliwatoza watu. Nilimwambia Mungu, mimi nitakuwa hivyo. Kwa kweli sikuwa na shaka ya kushinda.

Aliyesimama kushindana nami ni dada mwenye kibanda cha M-Pesa pale stejini. Si wa kanisa letu. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba kila jioni lazima hesabu zake zikubali au alipe mwenyewe, na amezoea.

Tulipiga kura kwa nafaka, ili asiyejua kusoma naye awe na siri yake. Kila mtu alipewa punje ya mahindi na punje ya kunde. Mahindi ni pasta, kunde ni dada. Unaingia nyuma ya pazia la leso, unatia moja kwenye mtungi, nyingine unaitia kwenye gunia. Naibu wa chifu alimwaga mtungi juu ya mkeka mbele ya watu wote. Wawili walikuwa wametia punje zote mbili. Nadhani ni wale wanaotupenda sote. Mahindi arobaini na saba. Kunde hamsini na nne.

Nilitabasamu. Nilimpa dada mkono, nikaombwa nifunge kwa sala, nikafunga, na sala ilikuwa nzuri. Halafu nikaenda nyumbani nikalala kitandani na viatu. Usiniambie mtumishi haumii. Nilihesabu washirika wetu wote waliokuwepo, nikajumlisha na majirani wanaonipenda, na idadi ilizidi arobaini na saba. Basi kuna watu wangu waliotia kunde. Nilianza kuwapitisha mmoja mmoja kichwani, benchi kwa benchi, mpaka nikagundua ninachofanya. Nilikuwa napanga ule mlolongo nilioukataa.

Katika Matendo 1, mitume waliposimamisha watu wawili badala ya Yuda, kura ilimwangukia Mathiya. Yule mwingine ni Yusufu, aitwaye Barsaba. Maandiko hayasemi alijisikiaje, wala kwamba aliondoka. Alikuwa amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana, anafaa, jina lake limetajwa mbele ya watu wote, na hakuchaguliwa. Kisha wanaendelea kwenda Pentekoste. Nataka kuamini kwamba siku ya moto ule alikuwa chumbani pamoja na wengine. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya Barsaba. Nitayahubiri mimi, nikipewa zamu.

Wiki mbili baadaye yule bibi wa chini ya mwembe alikuja mwenyewe nyumbani. Hakuzunguka. "Mimi nilitia kunde," akasema. "Tena nikawaambia na wenzangu." Nikamuuliza kwa nini, bibi, nimekukosea nini? Akashangaa. "Hujanikosea kitu. Wewe ni pasta wangu, nitakufia. Lakini pesa ikipotea, mimi utanitaka nifanye nini? Yule msichana nitamwendea pale kwake nimpigie kelele mpaka atoe. Wewe nitakudaije? Nikikujia na daftari, utaniambia tuombe kwanza."

Nimelisoma swali hilo zaidi ya vitabu vingi nilivyopewa chuoni. Tulifundishwa kwamba mweka hazina anahitaji ujuzi na uaminifu. Ujuzi ninao, na uaminifu nadhani ninao. Bibi aliona kitu cha tatu ambacho sina, na nikiwa pasta huku ndani yangu nikipenda kuitikiwa Ameni, huenda sitakuwa nacho kamwe: kudaika. Mtume Paulo alipokuwa anapeleka mchango Yerusalemu, katika 2 Wakorintho 8, alikubali asafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akamlaumu. Hakuchukua mfuko peke yake kwa kuwa yeye ni mtume. Pengine ilimbidi hasa kwa sababu yeye ni mtume.

Je, basi nilikosea kusimama? Sidhani. Nisingesimama, lile ombi la kura ya siri lisingeletwa, mkebe ungebaki mkebe, na dada wa M-Pesa ameniambia mwenyewe kwamba aliingia kwa sababu alisikia nafasi inagombaniwa kweli. Lakini nilisimama nikidhani swali ni kama mimi nafaa kiti. Kumbe wanachama walikuwa wanaulizana kama kiti kitaweza kunibana.

Mkutano wa kwanza wa hesabu ulifanyika mwezi uliopita, Jumamosi, chini ya ule mkorosho. Mradi umeandikishwa upya kwa ile Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, una katiba yake, na pesa ya mzee imetenganishwa na ya mradi. Ikatokea kwamba mradi ndio unaomdai mzee kidogo, si yeye kudaiwa sana kama tulivyonong'ona. Dada alisoma mapato, akasoma matumizi, halafu akafungua ukurasa wa wadaiwa. Akasoma majina bila kupandisha wala kushusha sauti. Fulani, mitungi minne. Fulani, mitungi tisa. Halafu akasema:

"Kanisa, mitungi thelathini na sita. Ya ubatizo wa Desemba. Shilingi mia na themanini."

Watu wakanyamaza, wakanitazama. Kumbe tulichota kwa mkopo siku ile, tukambatiza kila mtu, tukaimba, tukasahau. Bibi alikuwa mstari wa mbele kwenye mkeka, amejifunga leso mbili, na hakuficha kicheko. Nilitoa simu nikalipa pale pale. Dada akangoja mpaka ujumbe umeingia kwenye simu ya mradi, akausoma, akaandika risiti kwa mkono, akaikata na kunipa. Ipo kwenye faili la ofisi ya kanisa, kwa yeyote atakayetaka kuiona.